Karibu Aliyoizuia Mbonea

"Jiwe usiloliangusha halipigi hodi." Mmenisikia nikimwambia baba yenu, sasa mnanitolea macho kama mbuzi walionyimwa majani. Haya, kaeni. Wewe Nanzia, acha kumfinya mwenzio. Methali hii ilianza hivi.

Huko kwetu Upare, kabla hata babu yangu hajazaliwa, kijiji kilikaa chini ya genge la mwamba. Kila masika mawe yalilegea, yakashuka. Wazee wa kwanza walichinja kondoo, na mawe yakaja. Waliofuata wakajenga kuta. Mawe yakazivunja na kuwaua waliojificha nyuma yake. Mwisho wakapata akili: jiwe linalocheza tuliangushe wenyewe kiangazi, watu wakiwa wametoka.

Basi kila mwaka kabla ya mvua pembe ililia, watu wakatoka msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima. Vijana walipanda gengeni na magongo ya kubinulia mawe. Kiongozi akaita, "Hodi!" Mwenye nyumba iliyo chini alitoa watu wake, mbuzi wake, hata vifaranga, kisha akajibu, "Karibu!" Bila karibu hakuna aliyegusa jiwe. Ilikuwa adabu, tena ilikuwa sheria.

Mwaka mmoja Mbonea, aliyekuwa amefiwa na mkewe na kubaki na mtoto mmoja tu, Senzota, alimjengea mwanawe nyumba ya kuolea. Aliijenga chini ya jiwe kubwa, maana hakuwa na kiwanja kingine. Kiongozi wa msaragambo, Mzee Kirigiti, akasimama juu akaita, "Hodi!" Kimya. "Hodi, Mbonea!" Kimya. Mbonea amesimama mlangoni, mikono kifuani, anamtazama tu.

Mzee akashuka, jasho linamtoka.

"Mbonea, hukusikia hodi?"

"Nimesikia, mzee wangu."

"Mbona huitikii?"

"Nikiitikia mtaivunja nyumba ya mwanangu. Bi arusi anakuja mwezi ukiandama. Mtoto wa watu nimlaze wapi, zizini?"

"Jiwe linacheza, Mbonea. Nimelitikisa kwa mkono wangu huu."

"Linacheza tangu enzi za baba yangu. Ngojeni masika yapite. Mwakani njooni, nitawakaribisha kwa pombe ya miwa."

Mzee Kirigiti akawageukia vijana wake. Wote wakatazama chini. Nani angevunja nyumba ya bwana arusi? Yeye mwenyewe hakuwa na moyo huo. Wakachukua magongo yao wakarudi makwao. Huruma gani ile, jamani! Inanikera mpaka leo.

Mvua ikawahi. Arusi ilifanyika, watu wakala, wakacheza, wakatawanyika. Asubuhi moja Mbonea akaenda mgombani kuwakatia maharusi mkungu wa ndizi. Alipogeuka nao begani, genge lilikatika. Jiwe lilishuka na matope, likapita juu ya nyumba, likaacha kifusi. Senzota na mkewe Nakiete walikuwa ndani wanakunywa uji.

Watu walichimba mpaka kucha zikang'oka. Hawakuwapata hai. Mbonea hakuchimba. Alipanda juu ya kifusi, mkungu bado begani, akaliinulia genge uso, akaanza kuitikia.

"Karibu! Karibu! Karibu!"

Aliitikia mpaka sauti ikamkauka. Mzee Kirigiti aliziba masikio, akalia mbele za watu.

Akafa? Hakufa, Nanzia. Heri angekufa. Aliishi miaka mingi, na kila pembe ilipolia yeye ndiye aliyetangulia na gongo. Mtu akisita kuitikia, Mbonea alikwenda kusimama mlangoni pake, akamwambia neno hili nililomwambia baba yenu, na hakuondoka mpaka karibu isikike.

Sasa ule mkaratusi ulioinamia jiko letu, baba yenu hataki kuukata kwa kuwa aliupanda marehemu kaka yake. Na huyo marehemu ni mwanangu mimi, nilimzaa mimi. Mnadhani siuoni uchungu? Lakini ninyi ndio mnaolala humo jikoni. Nendeni mkamwite, aje na shoka. Jiwe usiloliangusha halipigi hodi.