Mgongo wa Pazia la Idi

Kijicho huona mgongo wa nguo. Methali hii mmeisikia leo, mmecheka, na maana yake hamuijui. Kaeni basi niwaambie ilikotoka.

Zamani katika kisiwa cha Pate alikuwapo mfumaji wa hariri, Mshamu. Kwa miaka ishirini pazia la mimbari lililotundikwa kila Idi lilitoka mkononi mwake. Mwaka huo wazee wa msikiti wakataka mapazia mawili, lake na la Shekuwe, aliyekuwa mwanafunzi wake. Litakaloshinda ndilo litakalotundikwa.

Usingizi ukamruka Mshamu. Mtu aliyemfundisha yeye mwenyewe kufunga fundo, leo ashindane naye! Tena akasikia Shekuwe anafuma maandishi kwa zari, nyuzi za dhahabu, kazi asiyoijua yeye, na kusoma pia hajui. Akawa kila asubuhi anapiga hodi kwa Shekuwe, mara aazime chanuo, mara aombe moto, jicho liko kwenye kitanda cha kufumia. Akirudi kwake hufuma alichokiona, uzi kwa uzi, roho ikimwuma. Kazi ilikuwa nzuri, na haikuwa yake.

Siku moja kabla ya Idi, uani mwa msikiti, imamu akayakunjua mapazia. La Shekuwe likang'aa. Akalisoma: "Almulku lillahi. Ufalme ni wa Mungu." Kisha akalishika la Mshamu, akaliinua, akalishusha.

"Fundi Mshamu, hili linasomwaje?"

"Kama hilo jingine."

"Halisomeki. Herufi zote zimegeuka nyuma mbele."

"Labda kawafumia majini," mzee mmoja akasema, na ua mzima ukacheka.

Mshamu akamkabili Shekuwe. "Umeniroga! Nimefuma vilevile ulivyofuma wewe!"

Shekuwe hakucheka. "Fundi wangu, zari naifuma uso ukiwa chini, mikono isiichubue. Ulichokiona ni mgongo, ukaufanya uso. Mbona hukuniuliza? Kufuma umenifundisha wewe. Ningekugeuzia ukaona."

Kila asubuhi Mshamu alipiga hodi, kila asubuhi alikaribishwa, na neno moja tu ndilo lililomshinda kulisema. Akalikunja pazia lake, akaenda nalo nyumbani.

Ndiyo hiyo mliyoicheka: kijicho huona mgongo wa nguo.