Fimbo Katika Bustani ya Maharage

Usihesabu waliopanda, hesabu fimbo zilizorudi.

Bibi Subilaga aliyasema hayo bila kuinua macho, kisu chake kikizunguka kiazi. Wajukuu wake, Lusekelo na dada yake Ambwene, walikuwa wameinamia simu wakichagua mtu wa kuwatembeza milimani likizo hiyo. Lusekelo alikuwa ametoka kusoma kwa sauti, "Huyu hapa! Ameshapandisha watu elfu mbili!"

"Fimbo gani tena, Bibi?" Ambwene akauliza. "Sisi tunaongelea milima."

"Na mimi naongelea milima. Shikeni visu mnisaidie, viazi ni vingi. Methali hiyo nimeipata kwa mama yangu mzazi, Tusekile, na chanzo chake ni hiki."

Zamani hizo kule Kyela, mpunga ukishavunwa na kiangazi kikashika, akina mama wa kwaya walikuwa na desturi ya kutoka matembezi. Mwaka mmoja wakakata shauri kupanda milima ya Livingstone. Kila asubuhi waliiona imesimama kama ukuta, lakini hakuna aliyewahi kuikanyaga isipokuwa Bi Yustina, mama yake Tusekile. Yeye alizaliwa huko huko, katika kijiji kilicho nyuma ya kilele, akaolewa bondeni, na kwa miaka arobaini hakurudi.

"Nataka ninywe maji ya chemchemi ya kwetu mara moja tu," alisema akilipapasa goti lake la kulia. "Mwakani goti hili halitanipa ruhusa."

Wenzake wakacheka. Tusekile hakucheka. Alikuwa binti wa maneno machache na macho mengi, na alijua kwamba mama yake angepanda kwa moyo. Kushuka ndiko kungetaka goti.

Walikuwa wanawake sita. Lori liliwashusha Ikuvala, kijiji ambacho barabara inakomea. Kutoka hapo ni njia za miguu tu, na ukungu ukishuka, hata mbuzi husimama wakangoja. Kwa hiyo mgeni hakupanda bila kiongozi. Na viongozi wa huko walikuwa na desturi yao. Asubuhi ya safari, kiongozi humpa kila mgeni fimbo ya mwanzi yenye kitambaa cha rangi ya kiongozi huyo. Mkirudi, mgeni huiegemeza fimbo kwenye ukuta wa yule kiongozi, naye kiongozi huhesabu. Zikitimia, mzigo umemtoka shingoni.

Hata hawajakung'uta vumbi la lori, Kibona alikuwa amekwisha kuwafikia. Kofia yenye unyoya, filimbi shingoni, sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Karibuni, mama zangu! Mimi ndiye Kibona wa kileleni! Kiangazi hiki peke yake nimepandisha mia na ishirini. Wazee, wanene, hata mmoja alikuwa na pumu! Saa sita mchana mtakuwa mnaimba juu ya mawingu."

Akina mama wakapiga vigelegele. Kiongozi wa kwaya, Mama Sekela, akasema palepale, "Tumepata mtu."

"Hakuna mwingine?" Tusekile akauliza.

"Yupo mzee Tweve," Kibona akajibu akicheka. "Huyo ukimfuata utafika ukiwa na mvi."

Usiku ule walilala kwa Mama Luvanda, mjane mchangamfu ambaye nyumba yake ilikuwa mwisho wa kijiji, pale njia za ng'ombe zinapotokea mlimani. Jioni Tusekile alitoka kumsaidia kuchuma maharage. Yalikuwa yamestawi ajabu, yamejisokota juu ya miti iliyochomekwa safu kwa safu. Akashika mti mmoja kuuinamisha. Ulikuwa mwanzi, umekatwa vizuri, na juu yake kulikuwa na kitambaa chekundu. Akatazama wa pili. Chekundu. Wa tatu, wa kumi. Vyote vyekundu.

"Mama, hizi fimbo ni za nani?"

"Za Kibona, mwanangu. Yaani za wageni wake." Mama Luvanda akatupa maharage kwenye ungo. "Akishawafikisha kileleni hukimbilia wengine wanaomngoja. Huwaonyesha njia kwa kidevu, teremkeni tu, haipotei. Basi wageni hunitokea hapa giza likiingia, mmoja kakwaruzika, mwingine analia. Hunitupia fimbo bustanini, wanaapa hawataki kuiona tena wala Kibona mwenyewe. Nawapa viazi, wanalala, asubuhi wanaondoka na lori."

"Na wewe humsemi?"

"Nimseme vipi? Maharage yangu yanamwombea maisha marefu."

Tusekile alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akakumbuka goti la mama yake, kicheko kikakatika.

Asubuhi Kibona alikuja na fimbo sita, mbichi, bado zinanukia majani. Alipomfikia Tusekile, binti hakunyoosha mkono.

"Samahani, kaka. Wale mia na ishirini, fimbo zao ziko wapi?"

"Fimbo?" Kibona akapepesa macho. "Wageni wangu huondoka nazo. Ukumbusho!"

"Mbona ukumbusho wenyewe umebeba maharage?"

Akawaongoza wenzake hadi bustanini. Mama Sekela alihesabu vitambaa vyekundu hadi hamsini akachoka. Mama Luvanda alijificha mlangoni akiziba mdomo kwa khanga.

"Lakini wote walifika kileleni!" Kibona akafoka. "Nani atabisha?"

"Hakuna anayebisha, mwanangu," Bi Yustina akasema taratibu. "Ila mimi nina wajukuu wa kuwalea. Ukishanifikisha, nani atanirudisha?"

Kibona alitazama unyoya wake uliokuwa umeanguka chini, akauokota, akaenda zake kutafuta wageni wengine.

Nyumbani kwa mzee Tweve hakukuwa na filimbi. Ukutani ziliegemea fimbo za kitambaa cha bluu, kuukuu, ncha zake zimelika kwa mawe hata nyingine zimekuwa fupi kama mwiko. Mzee hakusifia chochote. Aliitikia salamu zao, "Kamwene", akachuchumaa, akalitazama goti la Bi Yustina kama mtu anayekagua jembe.

"Tutapumzika mara kumi na nne," akasema. "Goti likikataa, tunageuka. Sitaki kelele."

"Kumi na nne!" Mama Sekela akaguna. "Huyu si atatuzeesha kweli?"

"Uzee wa kurudi nao nyumbani hauna neno," Bi Yustina akajibu, akapokea fimbo.

Walipanda kama wanaosindikiza maharusi, polepole, wakiimba, wakiketi, wakiimba tena. Siku ya kwanza walilala pangoni kwa wachungaji. Siku ya pili kabla ya adhuhuri Bi Yustina alipiga magoti kwenye chemchemi ya kwao, akanywa kwa viganja, akanawa uso, akanywa tena. Goti likatulia kama mtoto aliyenyonya. Tusekile alitazama kando, maana mama yake alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Wakati wa kushuka ukungu ukafunga. Tweve akawashikisha kamba, kila hatua mia akiita majina yao, nao wakiitika. Mara, katika weupe ule, wakasikia sauti mbili ambazo hazikuwa zao: walimu wawili vijana, wamekumbatiana juu ya jiwe, na fimbo zao zina vitambaa vyekundu.

"Kibona alisema haipotei," mmoja akalalamika.

"Njia haijapotea," Tweve akasema. "Imo hapa. Nyinyi ndio mliopotea. Shikeni kamba."

Jioni Mama Luvanda alikuwa ametoka kwake kuwapokea nyumbani kwa Tweve. Mzee akahesabu kama desturi, wageni wakiegemeza fimbo ukutani moja moja. Zilitoka sita. Zikarudi nane.

"Ah, mzee Tweve!" Mama Luvanda akalalama akiziangalia zile mbili nyekundu. "Na mimi nilishachimba mashimo mawili bustanini!"

Wote wakaangua kicheko, hata Tweve. Na lori lilipofika Kyela, watu wakauliza safari ilikuwaje, wamefika kileleni wangapi. Bi Yustina akashuka kwa miguu yake mwenyewe, akawajibu yale maneno ambayo bonde zima linayasema mpaka leo.

Bibi Subilaga akaweka kiazi cha mwisho kwenye sufuria. Lusekelo alikuwa ameshachukua simu, anaandika.

"Nimemwuliza yule kiongozi, Bibi: 'Wale elfu mbili, ulishuka nao wewe mwenyewe?'"

"Amejibu?"

"Anaandika." Akangoja. "Bado anaandika." Akangoja tena. "Ameacha kuandika."

Ambwene akacheka, akamnyang'anya simu kaka yake kutafuta mwingine. "Usihesabu waliopanda," akasema.

"Enhe," Bibi akaitikia, akiwasha moto. "Hesabu fimbo zilizorudi."