Kitufe Kilichohama

Wapendwa, kulikuwa na muuguzi mmoja, kazi yake kuingiza chanjo za watoto kwenye kompyuta ya zahanati. Programu ilikuwa na kurasa mbili, kila moja na kichupo chake juu ya skrini: MTOTO na CHANJO. Unabonyeza kichupo, ukurasa unabadilika. Huyu mama alijisifu kwamba haangalii skrini. Macho kwa mgonjwa, kidole kinajua chenyewe kitufe cha HIFADHI kilipo.

Basi, rekodi zikaanza kupotea. Si zote, baadhi tu, na hilo ndilo lililomtia shaka. Mtoto mmoja, kadi yake ilifuliwa pamoja na khanga, na kwenye kompyuta hayumo, akachomwa sindano ileile mara mbili. Muuguzi akaanza kumvizia mwenzake wa zamu, mgeni pale.

“Mbona kila ukikaa hapa, vitu vinapotea?”

“Dada, sijafuta kitu. Haki ya Mungu.”

“Kumbe zinajifuta!”

Akampeleka kwa mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati. Barua ya kumwondoa ikaandikwa, Ijumaa aondoke. Je, alifuta? Nawaona huko nyuma mnatikisa vichwa. Mmeshamhukumu!

Alhamisi akaja fundi wa ile programu. Akasimama nyuma ya muuguzi, akamwambia afanye kazi kama kawaida. Muuguzi akajaza ukurasa wa MTOTO, akahamia CHANJO, akamgeukia mzazi, kidole kikabonyeza.

“Umebonyeza nini, mama?”

“Hifadhi.”

“Hebu tazama.”

Alikuwa amebonyeza FUTA! Mtoto mwenye chanjo nyingi orodha yake ilirefuka, ikaisukuma HIFADHI chini, na palepale pakakaa FUTA. Aliyeitengeneza programu hakuweka hata swali la “Una uhakika?”

Fundi akasema, “Ukurasa ubadilike, sawa. Kitufe kikae mahali pake.” Muuguzi akatoka mbio kuomba radhi, akamkuta mwenzake anakunja sare yake, analia.

Mnadhani nitasema tuache kushukiana? Hilo mnalijua, na bado mnashukiana. Kila mmoja hapa anajiona ni yule dada aliyesingiziwa. Hapana. Mimi nasema sisi ndio kile kitufe.

Tuna kichupo cha kanisani, cha kazini, cha nyumbani. Hapa ukiguswa unasema “Mungu akubariki”, unabeba watoto wa wenzako. Mwanao anakuona. Anafika nyumbani na daftari lake, anakugusa palepale, haangalii kwanza, kwa sababu anakuamini. Anakutana na nini? Halafu nyumba nzima wanaanza kutazamana vibaya, nani kamuudhi baba, nani kasema nini, wanamtafuta mchawi kati yao. Na wewe umekaa kwenye kochi, umehama mahali pako.

Sitaki amina yako, baba. Wala yako, mama. Mwanao amekaa hapo ubavuni pako. Muulize yeye.