Kengele ya Pandakuu na Kamba Yake Moja

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Mwenye muhogo mdomoni autafune taratibu, maana hadithi hii ikifika mwisho nitamtaka mtu ajibu.

Katika mji wa Pandakuu, zamani za babu wa babu zetu, waliishi majirani watatu wenye vipaji vitatu.

Wa kwanza ni Mwanakheri, mfinyanzi. Mikono yake iliujua udongo kama mama anavyolijua paji la uso la mwanawe. Akiugusa tu, hukwambia kama una mchanga, kama una kiu, kama umewahi kuchimbwa au haujaguswa tangu kuumbwa kwa dunia.

Wa pili ni Nanji, fundi wa shaba. Yeye kipaji chake kilikuwa masikioni. Akiigonga sufuria kwa ukucha, hukuonyesha mahali ulipo ufa ambao jicho halijauona.

Wa tatu ni Faki, mwadhini wa msikiti wa Ijumaa. Kipaji chake kilikuwa neno lake. Hakuna aliyekumbuka siku Faki alipotia chumvi katika habari au alipokosea wakati. Akisema jua limetua, watu hufungua saumu bila kutazama juu.

Na alikuwapo wa nne, ambaye hakuwa na kipaji, alikuwa na shida. Huyo ni Bi Felista, mtunza kanisa, na yeye ndiye tutakayefuatana naye.

Pandakuu ulikuwa mji wa Waislamu. Wahindu walikuwa na hekalu dogo nyuma ya mtaa wa shaba, na Wakristo walikuwa wachache zaidi: wachumaji wa karafuu waliotawanyika mabondeni, kila familia katika shamba lake. Kanisa lao lilikuwa na mnara, lakini mnara haukuwa na kengele. Padri alikuwa akija kwa chombo cha bahari, akikaa asubuhi moja tu, kisha akiondoka na maji. Wachumaji hawakuwa na saa. Wakiteremka kutoka mabondeni, mara nyingi walimkuta padri ameshafunga sanduku lake. Watoto wakachoka kutembea bure, na wazazi wakachoka kuwavuta.

Mwaka ule padri alimwambia Bi Felista, kwa upole, "Mama, nimehubiria viti. Nikija Krismasi nikakuta viti tena, nitachukua vyombo vya altare nivipeleke kwenye watu. Kanisa hili tutalifunga."

Bi Felista hakulala vizuri tangu siku hiyo. Kanisa lile lilikuwa na kengele alipokuwa msichana. Baba yake, Mzee Barnaba, ndiye aliyekuwa akiipiga, na mabonde yote yalikuwa yakiisikia. Kisha akaja liwali mmoja, mkuu wa mji, aliyekusanya shaba ya mji mzima aiyeyushe itengenezwe mizinga. Mzee Barnaba akaishusha kengele, akaizika, akafa kwa homa kabla hajamwambia mtu mahali. Jambo moja tu ndilo alilomwachia binti yake, desturi ya wapiga kengele: *Atakayeipa kengele sauti, ndiye avute kamba mara ya kwanza, na kengele ichukue jina lake. Mtu mmoja, jina moja.*

Asubuhi moja Bi Felista akamwendea jirani yake Mwanakheri, ambaye kiwanja chake kilipakana na kanisa, akamkuta anafukiza ubani kwenye pembe ya joko lake la kuchomea vyungu.

"Shoga, unalifukiza joko? Lina shetani?"

"Lina hasidi," akasema Mwanakheri. "Kila nikichoma, vyungu vya pembe hii hupasuka. Vya pembe nyingine vizima, vya hapa vipande. Kuna mtu ananitazama kwa jicho baya, na nikimjua nitampelekea vipande vyote apikie."

Bi Felista akacheka, kisha akamweleza shida yake. Alipotaja kwamba kengele lazima ilizikwa karibu na kanisa, maana baba yake asingeweza kuibeba mbali, Mwanakheri akaacha kufukiza. Akaweka chetezo chini. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya sakafu ya joko, pale pembeni, akachota udongo na kuusugua kwa vidole.

"Shoga yangu," akasema, "nimepoteza ubani wangu bure. Udongo huu umechimbwa zamani, ukarudishwa. Haujashikana. Ndiyo maana sakafu inatitia na vyungu vinapasuka. Bibi yangu alijenga joko juu ya shimo la mtu."

"Basi tuchimbe pembeni."

"Pembeni hapachimbiki. Ukigusa hapa, joko zima linaanguka."

Joko lile lilijengwa na bibi yake Mwanakheri, likamlisha mama yake, likamlisha yeye. Mwanakheri akalizunguka, akaligusa ukuta wake kwa kiganja. Kisha akachukua mchi, akapiga pigo la kwanza mwenyewe. Adhuhuri ilipofika, joko lilikuwa rundo la matofali, na chini yake, kichwa chini, ilikuwa kengele. Hivyo ndivyo Mwanakheri alivyotoa joko lake.

Lakini furaha haikukaa. Walipoisafisha, waliona mdomo wa kengele umemeguka, na ufa umepanda hadi begani. Wakaipeleka kwa Nanji juu ya mkokoteni. Nanji akaigonga kwa ukucha, akafumba macho kama mtu anayeonja dawa.

"Mama Felista, huyu amekufa," akasema. "Ukimpiga atakohoa tu. Hazibiki. Inabidi nimyeyushe wote, nimmimine upya."

"Myeyushe, fundi."

"Kumyeyusha si kazi. Kipande kilichomeguka kiko wapi? Shaba haitoshi. Na si shaba yoyote. Ya sufuria ina sauti ya sufuria. Nikiitia hiyo, Wakristo watakuja kanisani na sahani."

Mwanakheri akasema, "Kuna harufu ya udhuru hapa."

"Wewe nyamaza, mvunja majoko."

Nanji akatafuta katika mtaa mzima wa shaba, akigonga kila chombo kwa ukucha, akitikisa kichwa. Mwisho akarudi nyumbani kwake na kusimama mbele ya rafu ya mama yake marehemu. Pale zilikuwa taa za shaba, ambazo nyumba yake iliziwasha kila mwaka usiku wa Diwali, sikukuu ya Wahindu ya taa, tangu babu zake walipozileta kutoka ng'ambo. Akaigonga moja. Ikaimba. Akakaa kitako sakafuni kwa muda, nayo ikiendelea kuimba mkononi mwake.

Bi Felista alipoziona taa zile karibu na moto, alimshika mkono. "Hapana, fundi. Hizi ni za ibada yako."

"Taa kazi yake ni kumwonyesha mtu njia usiku," akasema Nanji. "Hii itawaonyesha watu njia asubuhi. Mama yangu hatanigombeza sana." Akazitia motoni moja moja, na kwa kila moja alitaja mwaka ilipowashwa kwa harusi au uzazi. Diwali iliyofuata, nyumba ya Nanji iliwasha vibakuli vya udongo vya Mwanakheri. Hivyo ndivyo Nanji alivyotoa taa zake.

Kengele ikapoa, ikang'arishwa, ikatundikwa mnarani. Hapo ndipo baraza la mji lilipomwita Bi Felista.

Aliyesimama kupinga alikuwa Bwana Shoka, muuza vitambaa na mikeka. Hakuwa mtu mbaya. "Bi Felista alimuuguza mke wangu, sina ugomvi naye," akasema. "Lakini wengi wetu hapa hatujasikia kengele tangu tuzaliwe. Ni jambo jipya. Tena itaingiliana na adhana. Wao wasali kimya kama wanavyosali, nani amewazuia?"

Wengi wakaitikia. Bi Felista akatazama mikono yake. Alikuwa na maneno, lakini yalikuwa maneno ya mwenye shida, na aliona jinsi watu wanavyoyasikiliza hayo: kwa huruma, huku wanatazama nje.

Ndipo Faki akainuka nyuma ya baraza. "Bwana Shoka, duka lako liko chini ya mnara wangu. Ulipomwoza binti yako, ngoma zililia muda gani?"

"Wiki nzima."

"Nilikuja kukushtaki?"

"Hukuja, Maalim. Ulikuja kula."

Watu wakacheka, na Faki akacheka nao. "Nilikula, na pilau ilikuwa nzuri. Na punda wa Liwali wetu je? Nikianza tu kuadhini, naye huanza. Utadhani nimemfundisha mimi. Hakuna siku mliyoshindwa kunisikia." Kisha akaacha kucheka. "Sheria ya nchi yetu inasema kila mtu amwabudu Mungu wake bila kuzuiwa. Leo mimi ni mmoja wa walio wengi, naona kama sheria hiyo nimewaazima wengine. Lakini ndugu zangu wako ng'ambo, katika miji ambayo Waislamu ni wachache kama walivyo wachache wa kwetu hawa. Ninataka wafanyiwe nini huko? Nami nitalitaka kwa mdomo gani, kama hapa nimemziba jirani yangu mdomo?"

"Na adhana?" akauliza Liwali, aliyekuwa akiongoza baraza.

"Kati ya alfajiri na adhuhuri asubuhi ni pana, ng'ombe anaweza kugeukia humo. Jua likishapanda, kengele ilie. Mimi ninajua nyakati, na ninasema hazitagusana. Siku kengele itakapoifunika adhana yangu hata neno moja, nipokonyeni mnara, mpeni mwingine."

Wako waliokuwa wakiutamani mnara ule kwa muda mrefu, na Faki aliwajua kwa majina. Sauti ile ndiyo iliyokuwa maisha yake. Bwana Shoka akakuna ndevu. "Kama Maalim ameweka mnara wake rehani," akasema, "mimi nitaweka masikio yangu." Liwali akatoa ruhusa. Hivyo ndivyo Faki alivyotoa neno lake.

Krismasi ikafika. Bi Felista alikuwa amewapelekea habari wachumaji wa mabonde yote: mtakaposikia shaba ikilia, teremkeni. Padri alikuwa mlangoni, sanduku lake karibu naye, bado halijafunguliwa. Viti vilikuwa vitupu. Jua lilikuwa limepanda. Bi Felista akashika kamba, na mbele yake wakasimama Mwanakheri, Nanji na Faki, na nyuma yao nusu ya mji, Bwana Shoka akiwa wa mbele ili asikie vizuri.

Akakumbuka desturi ya baba yake. Atakayeipa kengele sauti. Mtu mmoja, jina moja.

Akawaeleza desturi hiyo. "Mnanitia mashakani," akasema. "Ni nani kati yenu?"

"Shoga, hilo nalo swali?" akasema Mwanakheri. "Bila mimi ingekuwa bado chini ya vyungu. Nanji angeyeyusha nini, ubani wangu? Na nimelala njaa kwa ajili ya joko lile."

"Uliyemtoa wewe alikuwa maiti," akasema Nanji. "Ulifukua kaburi, Mungu akulipe. Lakini huyu aliye juu amezaliwa kwangu. Nusu ya sauti yake ni ya mama yangu. Mgonge usikie."

"Mgonge," akasema Faki, "kama unaruhusiwa. Ndilo neno langu hilo. Kengele isiyoruhusiwa kulia ni chungu kilichofunikwa, hata kikiwa cha dhahabu. Mlichimba, mkamimina, mkatundika, na bado ilikuwa bubu."

"Wewe umetoa maneno," akasema Mwanakheri. "Mnara bado unao."

"Nao ninaweza kuupoteza kesho, na keshokutwa, na kila siku kengele hii itakapolia. Joko utajenga jingine."

"Na taa za mama yangu?" akauliza Nanji taratibu.

Padri alitazama jua. Bi Felista akawatazama wale watatu, mmoja baada ya mwingine, akaona kwamba hakuna aliyetania tena. Akapiga hatua moja mbele, akaweka kamba katika mkono wa mmoja wao.

Na kengele ikalia. Hilo hakuna anayebisha. Ililia kwa sauti ambayo Bi Felista hakuikumbuka, kwa sababu haikuwa ile ya utotoni; ilikuwa nzito chini na juu ilikuwa na kitu kinachoimba, kama taa iliyogongwa kwa ukucha. Ikavuka mtaa wa shaba, ikavuka mnara wa msikiti, ikaingia mabondeni. Kwa muda hakikuonekana kitu. Kisha mtu akaonyesha kidole. Kwenye njia za mikarafuu walikuwa wakiteremka watu, wanawake kwa kanga zao za sikukuu, wanaume wamebeba watoto mabegani, bonde hili na bonde lile, wengine wakikimbia. Padri akainama, akafungua sanduku lake. Viti havikutosha. Bwana Shoka alituma mikeka kutoka dukani. Na adhuhuri ilipofika, Faki akapanda mnara wake na kuadhini, na kila neno lilisikika, na lile la punda pia.

Lakini nani aliyevuta kamba, na kengele inaitwaje? Ukiuliza mtaa wa wafinyanzi, watakwambia inaitwa Mwanakheri. Mtaa wa shaba wataapa ni Nanji. Msikitini watatabasamu na kusema, bila shaka ni Faki. Bi Felista alijua, na waliosimama pale waliona, lakini leo hayupo hata mmoja wao.

Basi mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua, na kilichobaki ni chenu. Asiniambie mtu, "Wote watatu," maana kamba ilikuwa moja na jina lilikuwa moja. Yuko aliyeipata kengele kwa kuvunja joko lake. Yuko aliyeizaa upya kwa kuyeyusha taa zake. Yuko aliyeifungua mdomo kwa kuweka rehani mnara wake. Fikiri kwanza, usimwige aliyekaa karibu nawe. Jua limepanda, padri anangoja, na wewe ndiye Bi Felista.

Kamba hiyo mkononi mwako, utampa nani?