Utando wa Saumu

Hapo zamani, katika mji wa milimani uliozungukwa na mashamba ya chai, jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ya Shekiondo lilikuwa hili: mkewe alimfukuza katika chumba chake cha kazi kwa sababu ya funguo.

"Toa hizo funguo humu," alisema Saumu. "Nimekwambia mara ngapi? Chuma kikigusa chai, chai inageuka wino."

"Kazini naitwa mpima ardhi," alisema Shekiondo. "Kwangu naitwa mhalifu."

"Mhalifu anayejua mlango ulipo. Haya, nje."

Alitoka akicheka. Saa tisa alasiri, Saumu akiwa anaanua nguo, moyo wake ulisimama, akafariki.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana ninyi ndio mtakaohukumu.

Saumu alikuwa fundi wa kitu ambacho hakuna mwingine mjini aliyekitengeneza. Alichemsha chai ya rangi, akaitia sukari, akaiacha ipoe, akaimimina katika beseni bapa lenye ukubwa wa mkeka wa kuswalia. Juu yake aliweka kipande cha utando ulio hai. Vijidudu visivyoonekana kwa macho vilikunywa ile sukari, vikafuma. Vilifuma bila sindano, vilifuma bila uzi, vilifuma bila kulala. Baada ya wiki kadhaa uso wote wa chai ulikuwa umefunikwa na ngozi laini. Saumu aliianika ubaoni, ikikauka akaishona taa na pochi. Mtu akimsifu, hakusema "nimetengeneza." Alisema "tumetengeneza."

Mbegu ya utando huo ililetwa na mdogo wake, Mboni. Aliipata mbali, kipande cha upana wa kiganja, akasafiri nayo siku mbili ndani ya chupa, akiipakata kama mtoto mchanga. Watu walimkwepa kwa harufu yake ya siki. Hakuiweka chini hata mara moja.

Siku ya mazishi nyumba ilijaa. Shekiondo alipoingia kile chumba cha kazi alikuta paka amekaa ukingoni mwa beseni, ananusa. Akatafuta cha kufunikia. Mkono wake ukapata kichanja cha kuanikia vyombo, cha zamani, nyaya zake zimeota kutu na kulegea. Akakilaza juu ya beseni, mshazari, akafunga mlango. Yale aliyoambiwa kuhusu chuma hayakumjia hata kidogo. Siku ile hakuna lililomjia.

Siku ya nne alibisha hodi fundi Mahanyu, mshona viatu wa nyumba ya pili, aliyekuwa akimshonea Saumu zile pochi.

"Shekiondo, kile kiumbe kimekula?"

"Kiumbe gani, fundi?"

"Cha mkeo. Msiba ni wetu sisi. Chenyewe hakijaambiwa."

Shekiondo alimpa ufunguo, hakumfuata. Mahanyu alikiona kichanja, akapiga kelele, "Chuma! Marehemu angetuua wote wawili," akakiondoa. Nyaya zilikuwa zimekwisha kuacha alama nyeusi. Hakujua la kufanya ila kulisha. Alichemsha chai, akaitia sukari, akasubiri ipoe, akaimimina pembeni polepole ili utando usizame. Kila siku ya nne alikuja. Kila siku ya nne alichemsha, alisubiri, alimimina. Shekiondo alimsikia kutoka sebuleni, na hakuingia.

Ikafika arobaini. Baada ya dua, shangazi yake Saumu alikaa mkekani kugawa vitu vya marehemu. Aligawa kanga, aligawa masufuria, aligawa cherehani. Mwisho wakafika kwenye beseni.

"Unyanyueni kwanza tuuone," alisema.

Watatu wakaunyanyua: Mboni pembe moja, Mahanyu pembe ya pili, Shekiondo pembe mbili zilizobaki. Ulikuwa mzito kama blanketi lililoloa. Wakausimamisha mbele ya dirisha, na jua likapita ndani yake.

Watu wakasogea karibu.

Chini kabisa ya utando, Saumu alikuwa ametandaza nyuzi za katani bila kumwambia mtu. Utando ulikuwa umezimeza. Sasa nyuzi zile zilionekana kuwa milima, safu baada ya safu, ile ile inayoonekana kutoka mlango wa nyuma, kila mgongo mahali pake. Shekiondo alikuwa ameipima milima hiyo miaka kumi na minane, na hakuona kosa hata moja. Na juu ya milima palikuwa na mvua. Mistari ya kutu ya kichanja ilikuwa imelala mshazari, myembamba, myeusi, na tabaka jipya lilikuwa limeifunika kwa juu, hivyo mvua ikawa ndani, haifutiki kwa kidole. Picha nzima ilikuwa rangi ya asali. Ilikuwa ikidondosha chai sakafuni. Ilikuwa hai.

Mwanamke mmoja alisema "Subhanallah," kwa sauti ndogo.

Waliurudisha majini, na hapo ndipo mzozo ulipoanza. Maana utando ulio hai hauachi kufuma: wiki mbili zaidi, na tabaka jipya lingeifunika picha isionekane tena. Ukikaushwa, picha ingebaki, lakini vijidudu vyote vingekufa. Na picha ilifika hadi ukingoni: kipande chochote cha mbegu kingekatwa ndani ya picha.

Mboni akasema, "Uanikwe leo. Bila mbegu yangu, mngekuwa mnatazama beseni la chai. Dada yangu alichora milima, shemeji. Unataka tuizike na yeye?"

Mahanyu akasema, "Bila chai yangu utando ungeoza. Saumu aliwaahidi wanawake saba wa mtaa wa chini kipande kikubwa kila mmoja, waanze kazi kama yake. Mbegu nyingine alizoweka akiba zote zilikufa wiki ya msiba, umebaki utando huu. Ukatwe vipande saba. Ahadi ya marehemu ni deni."

"Fundi, utaikata milima ya dada yangu kwa kisu cha viatu?"

"Nitakinoa kwanza."

Hata waliokuwa wakilia walicheka. Kisha wakamgeukia Shekiondo.

"Mimi sikuleta mbegu," alisema, "na sikulisha. Nilikosea tu. Lakini mvua ni kosa langu, na bila mvua hiyo, picha ni ramani tu. Nataka uachwe majini. Picha ifunikwe kama itafunikwa. Hiki ndicho kitu pekee alichokianza Saumu ambacho bado hakijaisha."

"Hata usipoiona?" aliuliza Mboni.

"Nitajua ipo."

Shangazi aliinama juu ya beseni. "Nimegawa mali za watu wengi," alisema. "Kitu kinachokunywa sijawahi kugawa. Hapa nyumbani ni kwako, Shekiondo. Kesho asubuhi mkono wako ndio utakaotenda. Lakini usitende kwa kuwa wewe ni mume. Tenda kwa anayestahili, hata kama si wewe."

Asubuhi yake Shekiondo alivua saa, akaacha funguo mezani, akanawa mikono hadi viwiko. Akaingia kile chumba peke yake. Akachutama, akapitisha viganja chini ya utando, mahali palipokuwa na milima, akausikia uzito wake. Mlangoni walisimama Mboni na ubao wa kuanikia, na Mahanyu na kisu. Hakuna aliyemharakisha.

Mikono yake ingali majini. Ninyi mliokwisha kusikia yote, mwambieni: aliyeleta mbegu, aliyelisha, na aliyekosea, je, nani alistahili?