Nani Ampe Jina Mtoto wa Siwema

Hapo zamani, si zamani ile ya fisi kwenda kuposa kwa swala, zamani ya juzijuzi tu, katika kijiji cha Mchichani aliishi mke mmoja kijana, jina lake Siwema. Mumewe, Hemedi, alikuwa fundi wa baiskeli. Walikuwa na vyumba viwili, kuku sita na mapenzi ya kutosha. Mtoto hawakuwa naye, na Siwema hakumtaka.

Jambo hilo lilimchoma mama mkwe, Bi Hadia. Kila Ijumaa alikuja, na kila alipokuja alimtazama mkwewe tumboni kabla ya kumtazama usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bado tu?"

"Bado, mama."

"Hata kichefuchefu?"

"Hata kichefuchefu."

Mwaka wa pili wa ndoa ulipokwisha, Bi Hadia akasimama uani, mikono kiunoni, akatangaza mbele ya majirani.

"Sikilizeni! Kumpa mjukuu jina ni haki yangu mimi bibi yake. Leo naitoa. Mwanamke atakayemnasihi huyu mkwe wangu mpaka moyo wake ukubali kuzaa, ndiye atakayempa mtoto jina. Lakini mahindi yakivunwa mara mbili na moyo wake ungali jiwe, Hemedi nitamwoza mke mwingine. Binti nimeshamwona. Ana nyonga kama lango la boma!"

Majirani wakacheka. Siwema alikuwa nyuma ya mlango, na yeye hakucheka. Hemedi alimpenda, hilo alilijua. Lakini tangu lini Hemedi akamkatalia mama yake neno?

Wa kwanza kuja alikuwa Bi Mwanakombo, kungwi aliyewafunda nusu ya wake wa kijiji. Alikuja na ngoma yake, akajifungia na Siwema chumbani siku tatu. Siku ya kwanza alimwimbia. Siku ya pili alimwimbia na kumfinya. Siku ya tatu sauti ilimkauka, akabaki kumfinya.

"Mwanamke ni mti, mwanangu. Mti ni matunda."

"Bibi, mti wenye matunda ndio unaotupiwa mawe."

"Ulimi unao! Haya, sema, kwa nini hutaki mtoto?"

Hapo Siwema akapasuka. "Zamu yangu nimeshaimaliza! Wadogo zangu wanne nimewabeba mimi. Mgongo huu haukuwahi kukauka mkojo. Nilipokuwa darasa la tano mama alijifungua pacha, nikaambiwa nikae nyumbani mwezi mmoja nimsaidie. Bibi, mwezi huo haujaisha mpaka leo!"

Akalia kama mtoto. Bi Mwanakombo akaiweka ngoma chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mwari yeyote. Akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake mwenyewe, kisha akatoka kumwambia Bi Hadia:

"Wewe unadhani mwanao alioa msichana. Alioa mama aliyestaafu."

Wa pili kuja alikuwa Generoza, muuguzi aliyezunguka vijijini akitoa ushauri wa uzazi. Baiskeli yake ilipata pancha, na Hemedi alipokuwa akiiziba, Generoza akaketi na Siwema kunywa chai.

"Nimeambiwa mengi juu yako. Kwa nini hutaki mtoto?"

"Zamu yangu nimeshaimaliza, Sista."

"Basi usizae."

Kikombe nusura kimtoke Siwema mkononi. "Sista, si umetumwa unishawishi?"

"Mimi kazi yangu kusikiliza. Kutaka ni kwako, na kutotaka ni kwako. Ukihitaji kupumzika, njia zipo. Siku ukitaka mtoto, unaziacha."

Kisha akamwita Hemedi, naye akaja na gundi vidoleni, akaketishwa, akasikilizishwa yote mwanzo hadi mwisho, masikio yamemsimama. Siwema akapewa vidonge. Siku hiyo alivuta pumzi ikashuka hadi tumboni, na hakukumbuka lini iliwahi kufika huko.

Bi Hadia alipopata habari alijishika kichwa. "Jamani! Nimeomba mvua, huyu kaniletea mwavuli!"

Wa tatu kuja alikuwa jirani, Mama Tunu, mwenye watoto saba. Wa sita alimwita Mwisho. Wa saba alimwita Nimekoma. Huyo hakutumwa na mtu.

"Usithubutu, Siwema! Sikia nikwambie, usithubutu! Mimi nilikuwa na nywele hadi mabegani. Ziko wapi? Wamezila! Nilikuwa na meno. Nilikuwa na akili. Jana nimemwita mbuzi kwa jina la mume wangu, na mbuzi akaitika!"

Alikuwa angali akilalama, habari ikaja kwamba kaka yake amevunjika mguu kijiji cha mbali. Watoto wakubwa walikuwa kwa bibi yao. Alibaki Nimekoma, mwenye miaka miwili. Mama Tunu akamwinua, akamsogezea Siwema.

"Nishikie, siku mbili tu."

Siwema akaiweka mikono nyuma. "Zamu yangu nimeshaimaliza."

Mtoto akabaki akining'inia hewani, miguu ikichezacheza. Ndipo Hemedi akafuta mikono kwenye suruali.

"Nipe mimi."

Siku mbili zikawa sita. Hemedi alimfunga Nimekoma mgongoni kwa kanga, mara ya kwanza kichwa chini miguu juu. Nimekoma akalamba grisi. Nimekoma akatia nati kwenye uji. Hemedi akafua nepi na kuzianika juu ya magurudumu, na wateja wakamtania: "Fundi, mzigo huo umeletewa utengeneze, au umeshakamilika?" Siwema aliyaona yote kutoka mlangoni, akipepeta mchele. Hakumgusa mtoto, na Hemedi hakumwomba amguse.

Ijumaa Bi Hadia akafika. Akaona kanga, akaona kichwa kidogo kikichungulia, akaketi chini vumbini.

"Hemedi! Mgongo wa mwanamume! Nani kakufanya hivi? Mteremshe sasa hivi!"

Hemedi, ambaye hakuwahi kumkatalia mama yake neno, akaweka kidole mdomoni.

"Mama, punguza sauti. Ndiyo kwanza kalala."

Siwema akajifunika uso kwa ungo. Alicheka mpaka mchele ukamwagika, na alipoushusha ungo macho yalikuwa mekundu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja akatembea peke yake hadi zahanati, mwendo wa saa mbili, akamwambia Generoza, "Vile vidonge, sasa naviacha." Na kabla mahindi hayajavunwa mara ya pili, Ijumaa moja Bi Hadia akauliza, "Hata kichefuchefu?" Siwema akakimbilia nyuma ya nyumba. Bi Hadia akapiga vigelegele peke yake mpaka kuku wote sita wakakimbia.

Akazaliwa mtoto wa kike. Siku ya saba akanyolewa nywele, wali ukapikwa, watu wakajaa, jina likangojwa.

Bi Mwanakombo akasema, "Jina ni langu. Jipu haliponi kabla ya kutumbuliwa. Nani alilitumbua? Ataitwa Mwanakombo."

Generoza akasema, "Mimi sikumshawishi, na ndiyo maana akakubali. Kungekuwa na 'ndiyo' gani, kama asingeruhusiwa kusema 'hapana'? Jina ni langu."

Mama Tunu akasema, "Nyote mlipiga maneno tu! Aliyefanya kazi ni Nimekoma, na Nimekoma nilimleta mimi. Jina nimeshalipata. Ataitwa Umeyataka."

Watu wakapiga kelele. Hemedi, mtoto akiwa mgongoni, safari hii kichwa juu, akauliza, "Na mgongo huu je?"

"Nilisema mwanamke!" akafoka Bi Hadia.

Ndipo Siwema akainuka mkekani.

"Mama, uliahidi jina kwa atakayeunasihi moyo wangu. Wote walisema nao, nami nawashukuru. Lakini siku ile ya zahanati nilikwenda kwa miguu yangu, na hakuna aliyenituma. Je, mwenye moyo hapati hata herufi moja?"

Bi Hadia akamtazama huyu, akamtazama yule. Wali unapoa. Mtoto amepiga chafya, na hakuna ajuaye amwambie nani "afya".

Haya, nyinyi mliosikiliza. Yupo kungwi aliyemfumbua kinywa, yupo muuguzi aliyemwachia, yupo jirani aliyemkataza, yupo mume aliyebeba, yupo mama aliyeamua. Mama Tunu ameshainama sikioni mwa mtoto, kwa hiyo semeni upesi: je, nani alistahili kumpa jina?