Kiti cha Kumzidi Dereva

Bwana Msangawale, mwenye banda ninaloshonea viti vya magari, aliingia akifoka.

"Fundi! Nikipita na gari, watu wanamsalimia Kibwana dereva wangu, wanadhani bosi ni yeye kwa vile ni mrefu! Ninyanyulie kiti changu nimzidi. Ukishindwa, kesho uhame na cherehani yako!"

"Mzee wangu, umefika kwa bingwa. Niachie gari."

Bingwa nikaanza kukata sponji huku nikiimba na kutikisa kiuno. Kisu nacho kikacheza. Nilipomaliza ubeti wa pili, sponji ya kiti ilikuwa imebaki ya kuoshea vyombo, na nyingine sikuwa nayo.

Kesho yake Bwana Msangawale akapanda gari, akakaa, akamtazama Kibwana pembeni yake. Kichwa cha dereva kilimfika begani.

"Lahaula! Fundi, umeninyanyua kama mfalme!"

"Kazi ndogo hiyo, mzee."

Kiti chake sikukiongeza hata unyoya. Nilikivalisha kitambaa kipya tu. Sponji niliyoikata ni ya kiti cha dereva.

Gari likawashwa. Kibwana akanichungulia kupitia tundu la usukani, akanong'ona, "Fundi, kaka yangu, barabara iko upande gani?"